Sandra Oh na nafasi za pembeni: niendelee kuzikubali au nisubiri?

Binti Ipagala

Wakubwa shikamooni. Wenzangu, salama?

Naomba mawazo ya watu wanaojua uigizaji, hasa mliofuatilia kazi za Sandra Oh, yule mwigizaji wa Kanada aliyecheza kama Dokta Cristina Yang kwenye Grey's Anatomy. Nilianza kumwangalia nikiwa sekondari. Dada yangu alikuwa anajaziwa misimu mizima kwenye flashi pale Majengo, karibu na soko, tunaangalia usiku sauti ikiwa chini ili baba asiamke. Steringi wa tamthilia ile ni Meredith, lakini macho yangu hayakuwahi kukaa kwa Meredith. Nilikuwa namsubiri Cristina aingie.

Sasa hali yangu. Niko Ipagala hapa Dodoma. Nimesoma uhasibu ngazi ya diploma, mchana nakaa kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, jioni na wikiendi niko na kundi letu la sanaa. Nimeshatokea kwenye tamthilia za televisheni na kwenye muvi zinazorushwa YouTube. Kote huko nimekuwa hausigeli, au rafiki wa steringi anayepokea simu na kusema "pole shoga yangu", au muuza genge anayeulizwa njia. Sijadharau hata moja. Nilifika kwa wakati, nikavaa, nikacheza.

Kilichonifanya niandike ni usaili wa juzijuzi. Nilipewa sini ya hausigeli anayefukuzwa kazi kwa kusingiziwa wizi. Niliifanya kwa moyo wote, hata dada wa mekapu aliyekaa pembeni aliacha simu yake akawa ananitazama. Dairekta akauliza kwetu ni wapi. Nikasema Mvumi, mimi ni Mgogo. Akacheka, akasema: "Ahaa! Basi rudia, ila sasa ongea Kigogo-Kigogo, na ukifukuzwa nyoosha mkono uombe hela, watu wacheke." Nikarudia. Watu wakacheka kweli. Nafasi nimepata, na tangu siku hiyo kuna kitu kimenikaa kooni.

Nyote mnajua Mgogo anavyochorwa kwenye vichekesho vya nchi hii: ombaomba wa barabarani Dar es Salaam. Mama yangu amelima uwele na karanga Mvumi tangu usichana wake, mwaka wa njaa na mwaka wa mvua, na sijawahi kumwona akimnyooshea mtu mkono. Atakapoiona hiyo sini kwenye televisheni ya jirani, nitamwambia nini?

Ndiyo maana nauliza kuhusu Sandra Oh. Alikaa misimu 10 ya Grey's, 2005 hadi 2014, pembeni ya steringi. Kabla ya hapo alikuwa Rita Wu, msaidizi wa ofisini kwenye Arli$$, tamthilia ya kituo cha HBO cha Marekani, 1996 hadi 2002. Usteringi wa tamthilia kubwa ameupata 2018 kwenye Killing Eve, akiwa na miaka 46. Je, kukaa pembeni muda wote huo kulimjenga au kulimchelewesha? Na yeye angeikubali nafasi kama hii yangu? Mkataba bado sijasaini.

Kamera Makole

Dada, pole. Mimi ni mpiga picha za video, harusi napiga na tamthilia napiga, kwa hiyo mambo haya nayaona nikiwa nyuma ya kamera.

Naomba tu usichanganye pembeni ya kule na pembeni ya hapa. Miaka ile ya Sandra Oh ni miaka yenye mkataba, wakala, mwanasheria, na nyuma yake kuna chama cha waigizaji cha Marekani kilichoanza 1933, ambacho kinajua kumbana prodyuza. Kipindi kikirudiwa hewani, mwigizaji anapata chake tena. Sisi hapa unapigiwa simu saa tatu usiku kwamba kesho saa kumi na moja alfajiri uwe Chamwino na nguo zako mwenyewe za kubadilisha, na siku inaisha pale utakapoambiwa imeisha. Nimeshaona mabinti wenye vipaji wanalala kwenye viti vya plastiki wakisubiri sini moja ya kufungua geti.

Ushauri wangu: chukua kazi. Ukikataa, kesho anaitwa mwingine, na huyo mwingine atanyoosha mikono yote miwili. Jina likishakua ndipo uanze kuchagua. Hicho kilichokukaa kooni nakielewa, nasema kwa dhati, lakini kodi ya chumba haisubiri.

Mwalimu wa Kongwa

Mbukwenyi. Marahaba, binti yangu.

Nimefundisha Kiswahili na kusimamia maigizo kwenye shule za sekondari za Kongwa na Mpwapwa mpaka nilipostaafu, na huyu Sandra Oh nimemtafuta hadi kwenye zile kazi zake za mwanzo ambazo hapa kwetu hazikuingia kwenye flashi. Kijana wa Makole amesema kweli kuhusu mikataba, siongezi neno hapo. Nitajibu swali la binti, kwa sababu umemwanzia Sandra Oh katikati. Ukimwanzia mwanzo utakuta alianza akiwa steringi.

Amezaliwa 1971 Nepean, Ontario, mji ambao leo umemezwa na Ottawa. Wazazi wake walihamia Kanada kutoka Korea, baba mfanyabiashara, mama mtaalamu wa biokemia. Alipata ufadhili wa miaka minne wa kusomea uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Carleton, palepale karibu na kwao. Akauacha. Akaenda Montreal kwenye National Theatre School, akahitimu 1993. Ushike huo mwaka, maana yaliyofuata yalikuja haraka. Akapata nafasi kuu kwenye The Diary of Evelyn Lau, filamu ya televisheni ya CBC kuhusu binti aliyetoroka nyumbani akaishi mitaani Vancouver. Waliogombea nafasi ile walizidi 1,000. Ikafuata Double Happiness ya Mina Shum mwaka 1994, ikampa Genie ya mwigizaji bora wa kike, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa tuzo kubwa ya filamu nchini Kanada. Mwaka 1998 akacheza Last Night ya Don McKellar, watu wa Toronto wanasubiri dunia iishe saa sita usiku na yeye anahangaika mjini atafute njia ya kurudi kwa mumewe. Genie ya pili.

Kanada ilikuwa imeshamwona, imempa nafasi kuu na Genie ya kwanza. Alipovuka kwenda Marekani ndipo alipokabidhiwa kiti cha msaidizi wa ofisini. Haikuwa kwamba anaanzia chini kwa sababu hajui. Hicho ndicho kiti walichokuwa nacho kwa mtu mwenye sura ya Kikorea, basi. Nakuomba uliangalie hilo vizuri kabla hujajiuliza kama una upungufu.

Halafu tafuta hiyo Double Happiness, kwa sababu kisa chako kimo mle ndani. Anacheza kama Jade Li, binti wa familia ya Kichina huko Vancouver anayetaka uigizaji wakati baba yake ana mipango mingine kabisa. Anakwenda usaili wa nafasi ndogo ya mhudumu wa mgahawa. Anasoma vizuri, kwa Kiingereza chake cha kila siku, maana ndiko alikokulia. Wanamtaka aseme kwa lafudhi ya Kichina. Anatupia utani kwanza, kisha anawapa lafudhi waliyoitaka, kwa sababu kazi anaitaka. Nilipoiona sini hiyo niliirudisha nyuma. Mwigizaji alikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, ametoka shule juzi, na tayari yuko mbele ya kamera anauonyesha ulimwengu mlango ambao yeye mwenyewe atapitishwa kwa miaka mingi ijayo. Ulichofanyiwa wewe si kipya, na si cha Dodoma tu.

Sasa hizo nafasi ndogo alizifanyaje? Nikupe moja tu. The Princess Diaries ya 2001, yeye ni makamu mkuu wa shule. Ana sini za kuhesabika. Kwenye moja yuko ofisini, simu iko sikioni. Hana sentensi, anaitikia tu: mh, mh, mh. Anakata simu, anatangaza kwamba malkia anakuja. Imekwisha. Lakini sikiliza kila "mh" ilivyo na uzito wake. Ukifika ya mwisho umeshajua, kabla hajafungua mdomo, kwamba anayekuja si mgeni wa kawaida. Mwingine angeisoma skripti ile akaona hapo hakuna kitu, asubiri malipo aende.

Wanafunzi wangu nilikuwa nawapa kazi hii: chagua mhusika mwenye maneno machache kuliko wote kwenye igizo, niambie saa moja kabla hajaingia alikuwa wapi na alikuwa anataka nini. Wengi walitaka kuwa mfalme. Wachache walioikamata ile kazi ndio wazazi walikuwa wanawataja tukishamaliza mahafali: yule mlinzi, yule mama wa maji. Wewe ni Mgogo, unajua nyimbo zetu zinavyoimbwa kwa sauti nyingi kwa pamoja. Aliyebeba sauti ya chini akinyamaza, yule aliyeanzisha wimbo anabaki uchi.

Kwenye Grey's aliitwa asome nafasi ya Bailey, yule mkuu wao mkali. Akauliza kuna nafasi gani nyingine. Akamchagua Cristina, mtu wa kusimama mbele ya steringi na kumpinga. Na uangalie Cristina anataka nini: anataka kupasua moyo. Kuanzia kipindi cha kwanza mpaka anaondoka kwenda Zurich anataka hicho hicho, mapenzi yaje yaende. Hayupo pale kumshikia Meredith leso. Ndiyo maana ulikuwa unamsubiri yeye usiku ule. Tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji wa nafasi saidizi aliipata Januari 2006, na tuzo za televisheni za Emmy wakamteua miaka mitano mfululizo, 2005 hadi 2009, bila kumpa.

Mwaka 2014 akaondoka, tamthilia ikiwa bado inaendelea na fedha zikiwa bado zinaingia. Watu wanaruka kutoka hapo moja kwa moja hadi 2018, lakini mimi hiyo miaka ya katikati ndiyo ninayoipenda. Alikwenda Chicago, kwenye ukumbi wa Victory Gardens, akacheza Death and the Maiden ya Ariel Dorfman wa Chile: mwanamke aliyeteswa na utawala wa kijeshi anakutana na mtu ambaye yeye anaamini ndiye aliyemtesa. Jukwaani, mbele ya watu waliokaa karibu kiasi cha kusikia pumzi. Baadaye akafanya filamu ndogo, akafanya msimu mmoja wa American Crime. Hakukimbilia kiti kikubwa ili aonekane amepanda.

Halafu ikaja Killing Eve. Hili amelisimulia mwenyewe hadharani. Yuko kwenye simu na wakala wake, anapitisha kurasa za skripti, anatafuta wamempangia nani. Akauliza, mimi nacheza nani? Akaambiwa, Eve. Jina limo kwenye kichwa cha tamthilia, na yeye alikuwa analipita akitafuta daktari au mtu wa mapokezi. Mtu mwenye Genie mbili na Golden Globe! Mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Asia kuteuliwa Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia.

Binti, hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Pembeni kulimnoa, hilo halina ubishi. Na pembeni kulimla, mpaka akafika mahali haoni jina lake likiwa limeandikwa mbele yake. Yote mawili yalimpata mtu mmoja.

Kwa hiyo mimi siogopi wewe kucheza hausigeli. Mcheze. Siogopi hata aongee Kigogo. Kuna maelfu ya mabinti wa Mvumi, Mpwayungu na Chipanga wanaofanya kazi kwenye nyumba za watu na wanaongea Kiswahili chenye mapigo ya kwao, na hawajawahi kuonekana kwenye televisheni wakiwa watu kamili. Ninachokataa ni ule mkono. Mkono ule haukuwa kwenye skripti. Uliongezwa baada ya wewe kutaja kabila lako. Mwendee dairekta kabla ya kusaini, umwambie: sini yako niliifanya mara mbili, ya kwanza watu walinyamaza, ya pili walicheka, hadithi hii ya msichana aliyesingiziwa wizi inahitaji ipi? Mpe na kitu cha kushika. Msichana huyu anadunduliza mshahara ili anunue cherehani, na anapofukuzwa anadai mshahara wake wa mwezi, kwa lafudhi hiyohiyo ya Mvumi. Hapo mkono unanyooshwa kudai haki yake. Akikubali, saini. Akikataa, muage kwa heshima uende zako.

Nesi wa Zamu

Nimesoma yote. Mwalimu, shikamoo. Mimi niko chumba cha upasuaji hapahapa Dodoma, na Grey's niliianza kwa kuikosoa, maana mambo mengi mle si ya hospitali. Ila kuna kitu cha Sandra Oh ambacho mtu wa kazi yangu anakiona.

Kwenye sini za upasuaji anakuwa na kofia iliyofunika nywele, barakoa imefunika pua na mdomo, gauni limefunika mwili wote. Kilichobaki ni macho na sauti iliyozibwa. Waigizaji wengi wakifika hapo wanapotea, unaona kabisa wanasubiri watoe barakoa waendelee na mapenzi yao. Yeye hapo ndipo anapoanza. Jicho linakwenda kwenye kidonda, halafu kwenye mashine, halafu kwa mkubwa wake kuona kama atapewa kisu, halafu linarudi kidondani haraka. Mimi nimesimama mbele ya macho ya namna hiyo ya madaktari wanafunzi, nayajua. Hata mikono baada ya kunawa, anaibeba juu ya viwiko jinsi tunavyobeba sisi ili maji yatiririkie nyuma, na haonekani kama mtu anayekumbuka maelekezo.

Binti Ipagala, jaribu hiyo sini ya kufukuzwa ukiwa umejitanda kanga mpaka puani. Ukiweza kutufikisha kwa macho tu, basi mwonyeshe dairekta hiyo.

Na tukiwa hapo: Cristina hakutaka mtoto, na tamthilia haikumwadhibu kwa hilo. Nyumbani kwetu tulibishana sana siku ile, mama mkwe akiwepo. Sikukubaliana na Cristina kila hatua, lakini nilimwamini kuwa ni mtu. Hausigeli wa tamthilia zetu sijawahi kubishana naye, kwa sababu hapewi uamuzi wowote wa kubishania.

Binti Ipagala

Nashukuru sana jamani. Mwalimu, nimesoma ulichoandika nikiwa kaunta, mteja wa misumari akabaki ananisubiri.

Nimeitafuta Double Happiness nimeiona. Ile sini ya mhudumu wa mgahawa nimeitazama na dada yangu, hakuna aliyesema kitu, tukaiacha iendelee. Ila kilichoniumiza zaidi ni baba yake Jade. Baba yangu mimi si mkali hivyo, lakini kila nikitoka na begi la nguo za shutingi ananiuliza "na ule uhasibu?" Nataka kujua, wazazi wa Sandra Oh mwenyewe walikuja kukubali? Na mimi nimwambieje mzee?

Kaka wa Makole, nakuheshimu kwa kusema ukweli wa kodi. Kodi yangu naijua tarehe yake.

Mwalimu wa Kongwa

Alipoacha ule ufadhili wa Carleton, aliwaambia wazazi wake atajaribu uigizaji miaka michache, mambo yakikataa atarudi kusoma. Hakuwaomba baraka za maisha yote. Aliwaomba muda. Nadhani hata mzee wako anaweza kuombwa hicho, tena wewe una nafuu, kaunta bado unakaa na diploma iko kabatini.

Kuhusu kukubali: Januari 2019 Sandra Oh aliendesha sherehe za Golden Globe pamoja na Andy Samberg, na usiku huohuo akashinda tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia kwa Killing Eve. Mwanamke wa mwisho mwenye asili ya Asia kushinda kipengele kile alikuwa Yoko Shimada wa Japani, 1981. Wazazi wake walikuwa ukumbini. Baba yake alisimama akampigia makofi. Naye akiwa na tuzo mkononi akawaambia kwa Kikorea kwamba anawapenda, akainama kwa heshima ya kwao. Piga hesabu kutoka Montreal 1993 hadi usiku ule. Baba alikuwa na muda mrefu wa kuuliza "na uandishi wa habari?"

Mwaka 2022 akatoa sauti ya mama kwenye Turning Red ya Pixar, iliyoongozwa na Domee Shi, hadithi ya Toronto ya 2002: mama anayempenda binti yake kiasi cha kumbana pumzi. Iangalie na mzee wako. Ni katuni, hataona kama anafundishwa. Mimi niliiangalia na binti yangu mkubwa, na ilipokwisha aliniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza, tukazungumza mpaka taa za mtaa zikazimwa.

Usimsukume mzee apige makofi mwaka huu. Mpeleke lokesheni siku moja, akae kwenye kiti cha plastiki, aone ni kazi. Wazee wengi wanadhani ni kuzurura kwa sababu hatujawahi kuwapa kiti.

Kamera Makole

Nimerudi kusoma na nina la kuongeza. Mwalimu, ule mfano wa kudai mshahara badala ya kuomba hela, naona kabisa utakavyokaa kwenye fremu. Mkono uleule, picha ileile, maana imegeuka. Dairekta mwenye akili ataitaka, kwa sababu inampa mwisho wa sini. Sikuwa nimewaza kwamba unaweza kwenda kwake ukiwa umebeba kitu badala ya malalamiko. Kwenye kodi bado nasimama nilipo, ila hapo nimekuelewa.

Binti Ipagala

Mrejesho kwa walioniuliza inboksi.

Nimempigia dairekta. Sikumlaumu, nilimwambia nina wazo la sini ya kufukuzwa na ningependa alione kabla ya kusaini. Alikaa kimya kidogo, akasema tayari wameshaiandika vile, watu wa kundi waliipenda. Nikamwambia nitairekodi mwenyewe, aione dakika mbili tu, asipoipenda atafute mtu mwingine na mimi sitakuwa na kinyongo. Akasema nitume kabla ya Jumatatu.

Nimeshaandika saa moja kabla ya hausigeli huyo kuingia, kama Mwalimu alivyosema. Anaitwa Mwendwa, alikuwa anaanika shuka za mama mwenye nyumba na anahesabu kichwani kiasi kilichobaki kwenye bei ya cherehani. Nimemsomea mama kwa simu. Akaniuliza huyo msichana anadaiwa nini kwao, nikasema sijafika huko, akaniambia basi andika, mtu hatoki Mvumi kwenda kufulia watu bila kuna anachokidai au anachodaiwa. Nimeandika: deni la mbegu, msimu ule mvua ilikatika mapema.

Nitarekodi mara mbili, moja uso wazi na moja nimejitanda kanga kama Nesi alivyosema. Sina mtu wa kushika kamera, nitaegesha simu dirishani.

Kamera Makole

Usiegeshe dirishani, mwanga utakuwa nyuma yako na macho hayataonekana, na hapo macho ndiyo kazi yenyewe. Nicheki inboksi. Jumamosi nina harusi jioni, asubuhi niko huru. Tuwe tumemaliza kabla ya saa tatu, baada ya hapo jua linakuwa kali na utaanza kukunja uso. Njoo na shuka mbili nyeupe za kuanika, kamba ninayo. Na dada yako aje asome maneno ya mama mwenye nyumba, sini ya kufukuzwa haichezwi na ukuta.